Kutoboa Tangi la Samaki la Kioo Pamoja na Wenzangu

Tangi langu la samaki lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50, na vioo vyake vina unene wa milimita 10. Likijaa hubeba lita 300, yaani kilo 300 za maji, na vioo vyenyewe, kwa hesabu ya kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba katika kila milimita ya unene, havipungui kilo 57. Nimetanguliza hesabu hizi kwa sababu ndizo zilizonizuia, kwa muda wa karibu miaka miwili, kuisogeza drili karibu na tangi hilo. Si rahisi kuutazama mzigo wa maji kama huo ukiwa umezuiliwa na kioo kitupu sebuleni mwako, kisha ukafikiria kwa utulivu habari ya kukitia tundu.

Kilichoniondolea woga ni umeme. Usiku mmoja wa masika ulikatika na kurudi mara tatu. Wakati huo maji yalikuwa yakiteremka kutoka tangi la juu kwenda tangi la chini, lenye kichujio na pampu, kwa njia ya mrija uliopinda ulioning'inizwa ukingoni. Mrija wa namna hiyo huvuta maji maadamu umejaa. Hewa ikikusanyika katika kipindo chake cha juu, mvuto hukatika na hauanzi tena mpaka mtu aufyonze. Pampu haina habari na hayo. Umeme uliporudi mara ya tatu, pampu iliendelea kupandisha maji ambayo hayakuwa tena na njia ya kushukia, yakafurika ukingoni kiasi cha lita 40, mpaka tangi la chini likakauka na pampu yenyewe, ambayo hupozwa na maji yaleyale inayoyasukuma, ikaungua. Nilipoamka alfajiri nilikanyaga busati lililolowa chapachapa, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imetanda nyumba nzima.

Tangi lililotobolewa halina shida hiyo. Maji yakifika kwenye kimo cha tundu hushuka kwa uzito wake. Umeme ukikatika hushuka mpaka usawa wa tundu na kutulia, na ukirudi huanza tena bila ya mtu kugusa kitu. Hakuna mrija wa kufyonzwa wala hewa ya kuchungwa.

Samaki hawakudhurika usiku ule. Nafuga mbuna, wale samaki wenye rangi kali wanaoishi miambani katika Ziwa Nyasa, na niliwachagua kwa sababu wanapenda maji magumu yenye chokaa, nayo maji ya kisima changu, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, ni ya namna hiyo hasa. Watu huniuliza kwa nini mkazi wa Malindi, mwenye bahari hatua chache kutoka mlangoni, afuge samaki wa ziwa. Mimi naona samaki wa miamba yetu wanapendeza zaidi wakiwa kwao, katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, ambako mtu yeyote anaweza kwenda kuwatazama kwa mashua.

Sisi tunaojuana kwa ajili ya samaki wa mapambo hatuzidi sita. Yuko mwalimu mstaafu wa kemia, yuko baharia wa mashua za uvuvi wa mshipi zinazopeleka wageni kutafuta nduaro, na yuko mzee mkata vioo wa Majengo ambaye hafugi samaki hata mmoja lakini ndiye aliyeunganisha matangi ya wengi wetu. Wa sita hayuko Malindi. Yuko Lamu, mtoto wa fundi wa majahazi wa Matondoni, na yeye ndiye aliyetangulia kutoboa tangi kabla yetu sote, na pia aliyetangulia kupata hasara. Nilipompigia simu kumwomba ushauri, hakunieleza namna ya kutoboa. Alinieleza kwanza jinsi tangi lake la mwanzo lilivyomalizika: alikuwa ameweka biti, ile ncha ya drili inayotoboa, juu ya kioo cha chini na kukisaga kwa muda usiofika dakika moja, mara kioo chote, kutoka pembe hadi pembe, kikageuka chenga kama za mchele na kumwagika kwenye sakafu. Kisha akaniambia, "Usiguse drili mpaka ujue kioo chako ni cha aina gani."

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndilo linalowapotezea watu matangi. Kioo cha kawaida hupozwa polepole kiwandani, na ndani yake hakuna mvutano mkubwa. Kinaweza kukatwa na kutobolewa. Kuna kioo kingine, ambacho mafundi hukiita cha tempa, ambacho baada ya kukatwa kwa kipimo chake hupashwa moto tena na kupozwa kwa ghafla kwa upepo. Uso wake huganda kwanza, na sehemu ya ndani inapokuja kupoa na kutaka kujikunja hukuta uso umeshakuwa mgumu, kwa hiyo uso hubaki umebanwa na moyo wake hubaki unavutwa daima. Kubanwa huko ndiko kunakokipa nguvu kuliko kioo cha kawaida, na ndiko pia kunakokifanya kisitoboleke, maana biti ikishaupita uso uliobanwa, mvutano wote uliokuwa umezuiliwa ndani hufunguka kwa mara moja. Hakuna ustadi wa mkono wala wingi wa maji unaoweza kulizuia hilo. Matangi mengi ya kiwandani yana kioo cha tempa chini na cha kawaida pembeni, na kwa macho matupu havitofautiani.

Aliyeniuzia tangi langu alinihakikishia kwamba vioo vyote vitano ni vya kawaida. Nilimwamini, na mpango wangu wa kwanza ulikuwa ni kutoboa chini, ili mabomba yasionekane nyuma ya tangi. Mwalimu ndiye aliyekataa kuanza kazi kwa maneno ya muuzaji. Alimwomba baharia miwani yake ya jua, ile yenye lenzi za polaroidi ambayo mabaharia huvaa ili kuondoa mng'ao juu ya maji na kuona samaki walio chini yake, akaleta na kompyuta yake ya mkononi, akaifungua ukurasa mweupe mtupu. Mwanga unaotoka katika kioo cha kompyuta umepangwa kutikisika upande mmoja tu, na lenzi za miwani hiyo hupitisha mwanga wa upande mmoja tu. Ukiizungusha miwani mbele ya kompyuta, hufika mahali ambapo ukurasa mweupe hugeuka mweusi kabisa. Ukishapapata mahali hapo, unaingiza kioo unachokipima kati ya miwani na kompyuta. Kioo cha kawaida hakibadilishi kitu, weusi hubaki weusi. Kioo chenye mvutano ndani huugeuza mwanga unapopita, nao hujitokeza kwa mabaka na mistari.

Tulililaza tangi tupu ubavuni, tukaisimamisha kompyuta upande mmoja na kutazama kutoka upande wa pili. Kioo cha nyuma kilibaki cheusi kama usiku. Cha chini kilijaa madoa meupe yaliyopangana safu kwa safu, mfano wa magamba. Tulitazama kwa zamu, kila mmoja akiishika miwani mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Laiti ningetoboa chini siku ile, ningekuwa nimelipoteza tangi zima kwa kuamini kauli ambayo muuzaji mwenyewe, nadhani, hakuwa ameipima.

Basi tukahamia kioo cha nyuma, karibu na ukingo wa juu. Vifaa havikuwa vingi. Biti ya kutobolea kioo ina umbo la kikombe kisicho na kitako, na mdomo wake umepakwa chembe za almasi zilizoshikwa kwa madini ya nikeli. Haina meno, na haikati kama msumeno, bali husaga. Makosa ya wengi ni kununua biti kwanza na kutafuta konekta ya tangi, kile kiungio cha bomba kinachopita tunduni, baadaye. Konekta ndiyo inayoamua. Nilinunua konekta mbili za inchi moja, nikaipima shingo yenye nyuzi nikakuta milimita 33, na ndipo nikaagiza biti ya milimita 35. Yule mwenzetu wa Lamu alisema anayo ya kipimo hicho, imetoboa matundu manne tu, na kwamba asingependa kuituma kwa mtu. Alivuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la asubuhi, akapita Garsen na kufika Malindi alasiri, biti ikiwa imeviringishwa katika kitambaa ndani ya mfuko wa shati.

Kabla ya kuligusa tangi, mzee wa vioo alitupa mabaki ya kioo cha milimita 6 na kututaka tuharibu hivyo kwanza. Nami niliviharibu. Cha kwanza nilikitoboa karibu mno na ukingo, na nilikuwa nikiikandamiza drili kwa uzito wa kifua; ufa ulitoka tunduni ukaenda ukingoni kwa mlio mdogo mkavu, kama wa kijiti kinachovunjwa. Mzee alinifundisha kanuni anayoifuata: kioo kinachobaki kati ya tundu na ukingo kisiwe chembamba kuliko upana wa tundu lenyewe, na kikizidi ni bora. Cha pili hakikupasuka, lakini upande wa chini, pale biti ilipotokea, palibanduka vipande vyembamba kama magamba ya kitunguu. Hiyo ilikuwa haraka ya mwisho. Mtu akiona maji yanaanza kupenya hutaka kumaliza, na hapo ndipo inapompasa kulegeza mkono mpaka drili ijibebe yenyewe. Cha tatu kilitoka safi.

Mwenzetu wa Lamu alikuwa akinitazama, na aliponiona nimeweka mkono wangu sawasawa alinieleza jinsi baba yake anavyotoboa mbao za jahazi kwa keekee ya uta. Kila msumari wa jahazi hutanguliwa na tundu, kwa sababu ubao mgumu ukipigwa msumari bila tundu hupasuka, na fundi haisukumi keekee kwa nguvu. Huuvuta uta mbele na nyuma na kuiacha ncha iule ubao kidogo kidogo. Alisema kwamba alipokuwa mdogo baba yake alimkataza kuegemea. Neno hilo, kuegemea, ndilo lililonisaidia kuliko maelezo yote niliyopata, kwa kuwa nilitambua mara moja kwamba kosa langu lilikuwa hilo.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Watu wanne tulilinyanyua tangi na kuliweka juu ya godoro uani, kioo cha nyuma kikitazama mbinguni. Ndani yake, juu ya kioo cha mbele ambacho sasa kilikuwa chini, tulitandika kanga mbili zilizokunjwa, kwa sababu kipande kinachokatwa huanguka, na kipande cha kioo kinachoanguka nusu mita juu ya kioo kingine kinaweza kukitia ufa. Tulibandika utepe mpana wa karatasi pande zote mbili za mahali pa kutoboa. Nilitia alama sentimita 9 kutoka ukingo wa juu, na kati ya tundu la kwanza na la pili niliacha sentimita 20.

Mzee alichukua pati, ileile anayotumia kushikishia vioo vya madirisha, akaisokota kama kamba na kuizungusha kuwa duara lenye upana wa kiganja juu ya kioo, tukalijaza maji. Humo ndimo biti ilimofanya kazi. Maji yana kazi mbili. Yanaondoa unga wa kioo ili almasi iendelee kukigusa kioo chenyewe, na yanapoza, jambo ambalo ni kubwa zaidi, kwani kioo hakisafirishi joto upesi: sehemu iliyo chini ya biti hutanuka wakati jirani yake bado ni baridi, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa ufa. Aidha, unga wa kioo ukiwa mkavu huruka na kuvutwa pumuzini, lakini ukiwa ndani ya maji hauendi popote. Tulitumia drili ya betri. Sitamshauri mtu yeyote kushika drili ya waya juu ya dimbwi la maji. Na kama hana nyingine, basi mtu wa pili asimame kwenye swichi asibanduke.

Tulivaa miwani ya kukinga macho, nikaweka drili kwenye gia ya kwanza, mizunguko isiyozidi 500 kwa dakika. Biti ya namna hii haina ncha katikati ya kuishikilia, hivyo ukiianza wima hutelezea huku na huko na kukwaruza kioo. Huanzwa kwa kuinamishwa, mdomo wake ukigusa kwa upande mmoja tu, mpaka ichore mfuo mdogo uliopinda kama mwezi mwandamo. Mfuo ukishapatikana, drili husimamishwa taratibu huku ikizunguka, na ule mwezi hukua mpaka ukawa duara kamili. Nilipoliona duara limefunga, nilishusha pumzi niliyokuwa nimeizuia bila kujua.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ni ya kusikiliza. Mwalimu alimimina maji kutoka kwenye birika la plastiki, mkondo mwembamba usiokatika, na maji ndani ya duara la pati yakawa meupe kama tui. Weupe huo ni dalili njema. Lakini tui likizidi kuwa zito, biti huinuliwa, maji hubadilishwa na kuendelea. Sauti nayo hueleza. Ikiwa mnong'ono mzito ulio sawa, mambo ni mazuri. Ikipanda na kuwa kali, aidha maji yamepungua au mkono umeegemea. Mara mbili baharia, ambaye alikuwa amelala kifudifudi akichungulia kutoka chini kupitia kioo cha ubavuni, alisema, "Kaka, pumzika," na mara zote mbili nilikuwa nimeanza kukandamiza bila kujitambua. Anayeshika drili haoni mkono wake mwenyewe. Mtu anaweza kutoboa peke yake, na wako wanaofanya hivyo, lakini mimi nisingelimaliza tundu lile salama bila ya mtu wa kumimina, mtu wa kuchungulia na mtu wa kuniamuru nisimame.

Dakika ya kumi na moja baharia alisema anaona pete ya maji chini ya utepe. Nililegeza mkono, nikaiacha drili ijisage kwa uzito wake tu, na baada ya dakika moja hivi sauti ilibadilika na biti ikazama. Kipande hakikuanguka, kilishikwa na utepe, kikabaki kikining'inia, na mwalimu alikichomoa kwa vidole viwili na kukiinua juani. Kilikuwa na kingo nyeupe zilizokwaruzika, na ndani yake kulikuwa na rangi ya kijani hafifu ambayo ukikitazama kioo kwa mbele huioni. Tundu la pili lilichukua muda kama huohuo. Kingo za matundu yote mawili tulizilainisha kwa msasa wa maji namba 400, tukaosha kila kitu mara tatu.

Kufunga konekta hakukuhitaji nguvu. Mpira hukaa ndani ya tangi, upande wa kofia ya konekta, nati hukaa nje, nayo hukazwa kwa mkono mpaka ikatae, kisha robo mzunguko tu. Mwalimu alinizuia nisipake silikoni juu ya mpira, kwa kuwa mpira ulio safi hujibana wenyewe dhidi ya kioo. Tundu moja ni la kuteremshia maji kila siku. La pili ni la dharura, kiwiko chake kikiwa juu zaidi kwa sentimita 2, ili la kwanza likizibwa na jani au na samaki maji yapate njia. Tulilijaza tangi palepale uani, juu ya ubao ulionyooka, tukatandika magazeti chini ya konekta na kuliacha kwa saa 24. Gazeti ni shahidi mzuri, kwani tone moja huacha alama hata likishakauka. Asubuhi ya pili magazeti yalikuwa makavu.

Lilipokuwa limerudishwa sebuleni na kuunganishwa, tulifanya jaribio ambalo ningemsihi kila mtu alifanye kabla ya kutia samaki: tulizima umeme kwa makusudi. Katika tangi langu kila sentimita moja ya kimo ni lita 6. Maji yalishuka sentimita 3 na nusu, yaani lita 21, na katika tangi la chini, lenye kitako cha sentimita 80 kwa 40, yalipanda sentimita 6 na nusu hivi. Niliwacha nafasi ya sentimita 10, nikabandika utepe mwekundu kuonyesha mwisho wa kujaza. Bomba linalorudisha maji juu nililiinua pia, mdomo wake uzame sentimita 2 tu, kwa sababu pampu ikisimama bomba hilo nalo hugeuka mrija wa kuvuta, na hunyonya maji kurudi chini mpaka lipate hewa.

Umeme umeshakatika mara kadhaa tangu siku hiyo. Nikiwa kitandani husikia maji yakishuka kwa muda mfupi, kisha kimya, na ukirudi husikia pampu ikianza na, baada ya dakika moja hivi, mteremko wa maji ndani ya bomba. Biti bado ina almasi ya kutosha, na mwenye nayo ameiacha Malindi kwa sasa, kwa kuwa Jumamosi ijayo tunatoboa tangi la baharia. Vioo vyake tumeshavipima kwa miwani yake. Drili ataishika mwenyewe, na birika la maji nitalishika mimi.